Chachu ya Mama Povu

Mama Povu aliusukuma mlango wa baa ya mdogo wake kwa bega, maana mikono yote miwili alikuwa ameikunja ngumi. Mlango haukuwa na kosa. Lakini siku hiyo kila kilichokuwa cha mdogo wake kilikuwa na kosa: viti, taa, hata lile bango la "Bia za Kibelgiji Tu" lililoandikwa kwa mwandiko wa kubembeleza.

Na tusimlaumu haraka. Mama huyu alikuwa mpika bia, na jina la Mama Povu wateja ndio waliompa, kwa heshima. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kupika, tangu kijana hajui kutofautisha shayiri na ngano. Chachu aliilea yeye: alikomba povu la pipa linalochacha na kuanzishia pipa jingine, mwaka nenda mwaka rudi, bila kuiacha ife. Bia yake ilinukia karafuu na ndizi mbivu, na humo hamkuwa na karafuu wala ndizi. Ni chachu tu. Kisha wakagombana, ugomvi wa kushikana mashati, na usiku ule mdogo mtu akafungasha virago akaenda kujitegemea. Asubuhi dada alipofungua chumba cha kupikia, mtungi wa chachu ulikuwa vipande vipande, kioo mpaka chini ya meza, povu limekaukia sakafuni. Wewe ungefikiri nini? Basi na yeye alifikiri hivyo hivyo. Simu za mdogo wake hakupokea tena.

Alijaribu chachu za dukani. Bia ilitoka, ndiyo, lakini ilikuwa bia ya mtu mwingine. Wateja waliisifu kwa adabu, wakamaliza glasi, wakaaga, na hiyo ikawa ndiyo kwaheri. Mwezi huu asipopata chachu yake, chumba cha kupikia kinafungwa. Kisha akasikia kwamba bia anayopika mdogo wake inanukia karafuu na ndizi, akaja na mpango. Ataagiza chupa moja, na yale mashapo ya chini, ambamo chachu hai hulala, atayamimina kwenye kichupa safi kilichokuwa mkobani. Kisha atamtukana mtu.

"Karibu mama," mhudumu alisema. "Tuna nyepesi, tuna nyeusi..."

"Ya kahawia, ya chupa. Na usinimiminie."

"Hapa tunamimina wenyewe, mama. Chini kuna mashapo, hayatakiwi..."

"Unanifundisha mashapo mimi?"

Mhudumu akaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Akaweka chupa na glasi yenye mguu, akajiondokea.

Mama Povu alimimina taratibu, akanusa. Karafuu. Ndizi mbivu. Kumbe iko hai! Iko hapa, inastarehesha watu wasioijua hata ilipotoka! Hasira zikampanda upya, akatoa kichupa chake juu ya kaunta mchana kweupe, bila kujificha.

"Dada?" Mdogo wake alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, aproni imelowa. "Unafanya nini?"

"Nachukua changu."

"Si ungesema tu? Unakuja kimya kimya kama..."

"Kama nani? Malizia! Kama mwizi? Nitakuzaba kofi mbele ya wateja wako! Umeniibia, ukaona haitoshi, ukanivunjia na mtungi!"

Mzee wa kwenye kona alishusha glasi yake, asije akapitwa na neno.

"Nani kavunja mtungi?"

"Labda paka!"

"Dada, mimi niligawa nusu kwa nusu. Yangu nikachukua, yako nikaiacha kwenye mtungi. Tena niliilisha sukari isilale na njaa, na kifuniko nikakikaza kwa nguvu zote, isimwagike."

Mama Povu alimtazama.

"Ulikikaza?"

"Sana. Nilikuwa na hasira, nika..." Mpika bia yeyote anajua kwamba chachu iliyoshiba sukari hupumua, na kifuniko chake huachwa kimelegea ili gesi ipate pa kutokea. Ukikikaza, umetega bomu. Hilo lilikuwa somo la kwanza alilofundishwa na dada yake.

"Mjinga wewe!" Mama Povu aliipiga kaunta mpaka glasi ikaruka. "Mjinga wa kutupwa! Nilikufundisha nini mimi?"

"Nilikupigia, dada. Nilitaka kuuliza imeamkaje. Hukupokea."

Mdogo wake aliingia stoo mbio, akarudi amekumbatia mtungi mzima, povu jeupe limejaa juu. Akauweka mbele yake.

"Ichukue yote. Nisamehe."

Mama Povu aliuvuta mtungi kifuani. Alichokifuata kilikuwa mikononi mwake, na hasira bado alikuwa nayo, ila sasa hakujua aitupe wapi.

"Siku tunamzika mama ulininyooshea mkono," alisema, sauti imekwaruza. "Nikakugeuzia mgongo, watu wote wanaona. Kwa sababu ya kifuniko! Chachu nimeipata, kesho nitapika. Siku ile nitaitoa wapi, mjinga wewe? Niambie, nitaitoa wapi?"