Kitabu cha Mwenye Magoti Mabovu

Dada yangu ni fundi saa. Tangu utotoni anatumia kiti cha magurudumu, na siku nzima yuko mbele ya meza yenye taa moja, mkono wake hautetemeki hata akikohoa. Saa za mkononi, za ukutani, za marehemu babu za watu, zote zimepita kwake. Miaka yote alikuwa na hamu moja tu: kuingia ndani ya mnara mmoja wa saa ulioko ng'ambo, aione mashine yake kwa macho. Mwaka huu akakata tiketi mbili, yake na yangu. Hakumwuliza mtu.

Kaka yetu mkubwa alipopata habari alikuja mbio. Alisimama mlangoni akitikisa kichwa.

"Mnara ni ngazi chini hadi juu," akaniambia mimi, utadhani Dada hayupo. "Ataishia kuutazama kutoka barabarani, shingo imuume bure. Mnunulie kitabu chenye picha nzuri, auone akiwa kitandani."

Damu ilinichemka. Nilikuwa natafuta jibu la kumkata maini, lakini Dada hakuinua hata macho.

"Kitabu nitanunua," alisema. "Ila nitachagua mwenyewe."

Duka la vitabu lilikuwa limeweka vitabu vya wasafiri ghorofani, kama makusudi. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye miwani, alishuka na vitatu.

"Hivi ndivyo vinavyouzwa sana, mama."

"Lete vyote."

"Vyote, mama?"

"Vyote vya mji ule. Ningevifuata mwenyewe, ila ndiyo ngazi zenu hizo."

Maskini akapanda akashuka, akapanda akashuka, shati likamganda mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshapenda kimoja, kinene, karatasi zinang'aa, picha nzuri mpaka unatamani kuzilamba. Dada alifungua ukurasa wa mnara tu, akausoma, akanirudishia.

"Kinasema nini?"

"'Panda taratibu, ufurahie mandhari.' Hiki cha pili nacho kinasema panda. Na hiki kinasema mnara hauelezeki, halafu kinaueleza kurasa nne. Hakuna hata kimoja kinachosema mtu anapandaje. Labda wenzetu wanapaa."

Nilianza kukata tamaa, na nasema kweli, niliogopa. Ikiwa Kaka alisema kweli, tungesafiri masafa yote yale ili Dada akae barabarani akitazama juu, kisha turudi tukamkute Kaka na uso wake wa nilikwambia.

"Dada, tuchukue hiki chenye picha twende zetu."

Aliniangalia mpaka nikajuta kuzaliwa mdogo.

Cha mwisho kilikuwa chembamba, jalada la kijivu, kimeandikwa kwa lugha mbili, yetu na ya kule, picha hata moja hakina. Dada alisoma, akarudia, akaanza kucheka. Akanisomea: "Zunguka nyuma, upande wa ghala. Kuna lifti ya kupandishia vifaa, inafika hadi kwenye mashine. Mlinzi mwenye masharubu atakataa mara ya kwanza. Usiondoke."

Na kurasa nyingine zilikuwa hivyo hivyo: wapi pana benchi, choo kipi kina mlango mpana, mteremko upi unateleza mvua ikinyesha. Mwandishi wake, nadhani, alikuwa na magoti mabovu, Mungu ambariki.

"Hiki," Dada alisema. Muuzaji alimshukuru Mungu kwa sauti.

Siku tulipofika mnarani tulizunguka nyuma. Mlango wa ghala ulikuwepo. Mlinzi naye alikuwepo, na masharubu yake. Tulimweleza shida yetu kwa lugha ya kuungaunga. Akatikisa kichwa: haiwezekani, lifti ni ya vifaa.

Mimi nilikuwa nimeshakunja ngumi. Dada akapiga makofi.

"Amekataa! Umemsikia? Amekataa, kama kilivyosema!"

Mlinzi hakujua acheke au aite polisi. Dada akamfungulia ukurasa, akamwekea kidole kwenye mstari. Yule bwana alisoma polepole, akajishika masharubu, akasoma tena. Akamwita mwenzake wa zamu, akamsomea kwa sauti, kifua mbele. Kisha akachomoa funguo.

Lifti ilipiga kelele njia nzima, nami nilikuwa roho mkononi. Mlango ulipofunguka, mashine ilikuwa mbele yetu, magurudumu ya shaba marefu kuliko mimi, yakizunguka kwa upole. Machozi yalimtoka Dada na hakuyafuta. Alisogea mpaka karibu, akaanza kutaja kila kipande kwa jina lake, kimoja kimoja, kama anayesalimia ndugu msibani na harusini. Furaha niliyokuwa nayo sikuwahi kuipata kabla. Mlinzi alivua kofia.

Ndipo Dada akampigia Kaka simu.

"Mko wapi?" Kaka aliuliza. "Mbona kelele hivyo?"

Wakati huohuo kengele ikalia juu ya vichwa vyetu, sakafu ikatetemeka. Dada aliinua simu juu kabisa, akaishikilia hadi mlio wa mwisho ulipoisha.

"Umesikia, Kaka? Niko ndani yake!"

Halafu sauti ya Kaka ikaja, ndogo, siyo ile ya mlangoni.

"Nimesikia, mdogo wangu. Nimesikia. Hebu niambie, ikoje?"

Mlinzi alitikisa funguo, kwamba muda umekwisha. Dada hakugeuka.

"Mwambie akanywe chai," akaniambia. "Mimi namsimulia kaka yangu."