Mshahara wa Kukaa

Nassoro Hamad alipopiga simu nyumbani Wete kusema kwamba amepata kazi ya kukaa, mama yake alidhani laini inakatika. Akauliza tena, kazi gani? Nassoro akarudia: ya kukaa, mama, nakaa tu kwenye kiti, nalipwa. Mama akamshukuru Mungu, kisha akamwusia asiwaambie watu, maana riziki ya namna ile haikawii kutiwa jicho.

Kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa hoteli moja ya West Bay, mjini Doha. Alisimama mlangoni na suti nyeusi, na kila mlango ulipofunguka, ubaridi wa ndani ulimpiga ubavu huu na joto la nje likampiga ubavu ule. Jioni miguu ilikuwa imevimba hata viatu akavivua kwa kuvibembeleza.

Aliyemtoa pale alikuwa Philipo, mtu wa Mbeya, mzima kwa umri na mpole wa sauti, msimamizi wa kambi ya wafanyakazi kule Industrial Area, eneo la viwanda. Walikutana kwenye michango ya kusafirisha maiti ya Mtanzania mwenzao. Wengine walibishana siku ile, Nassoro akanyamaza na kusikiliza, na Philipo akamtia machoni. Baadaye akamwita pembeni akamwambia ana nafasi, na kwamba anataka mtu mtulivu.

Nafasi yenyewe ilikuwa chumba kidogo karibu na lango. Ndani kulikuwa na kiyoyozi, birika la umeme, kitanda nyuma ya pazia, na kiti cha magurudumu kilichotazama sanduku jekundu lililopigwa misumari ukutani. Sanduku lile liliunganishwa na vidude vyeupe vya darini, vinavyonusa moshi katika kila chumba cha mabweni. Moshi ukinuswa, taa ya bweni husika huwaka kwenye sanduku na kengele hulia kambi nzima. Chini ya taa kulikuwa na kitufe cha kuinyamazisha.

"Ikilia, bonyeza," Philipo alimwambia. "Ikinyamaza, kaa. Hakuna zaidi, mdogo wangu."

Akamweleza na sababu, na sababu ilikuwa na akili. Watu wanapika vyumbani ingawa wamekatazwa. Mmoja akikaanga samaki, kengele inalia, mamia wanatoka nje juani, na walio zamu ya usiku wanaamshwa wakiwa ndio kwanza wamefumba macho. Kwa hiyo kuinyamazisha ilikuwa kuwahurumia. Mshahara ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa hotelini.

Na kweli watu walimpenda. Dedan, Mkenya wa Nakuru aliyefunga vyuma vya jukwaa la ujenzi usiku na kulala mchana katika bweni la tatu, la watu wa zamu ya usiku, alizoea kupita asubuhi akitoka kazini, wakanywa chai pamoja. Alimweleza Nassoro jinsi walivyoteseka zamani, jinsi mtu mmoja alivyowahi kusinzia kazini akiwa juu, akashikwa na mkanda wa kiunoni tu. Nassoro akajiona kama mlinzi wa usingizi wa watu. Kazi hiyo si haba.

Lakini mtu aliyezoea kuchoka hana raha akikosa cha kumchosha. Mwezi wake wa pili kazini akachukua ufagio akafagia uwanja. Akapaka rangi lango. Akaanza kupita mabwenini kuuliza kama mabomba yanavuja. Philipo akamjia, akacheka kidogo, akauchukua ule ufagio mkononi mwake na kumwambia asijitafutie kazi, anayo tayari. Alisema kwa upole, ila ufagio hakuurudisha. Tangu siku hiyo Nassoro hakuuona tena.

Warda, mkewe, alimwuliza kwenye simu hasa huwa anafanya nini kutwa. Akamwambia ni mambo ya usalama. Warda akaridhika. Nassoro mwenyewe ndiye aliyebaki na lile neno, akiligeuzageuza.

Siku ya Idi Watanzania kadhaa walikutana mtaa wa Muaither, kwenye chumba cha nje cha dereva mmoja aliyeajiriwa na familia, wakala pilau sakafuni. Dereva huyo aliitwa Mussa, mtu wa Kondoa, mkimya. Aliposikia Nassoro anafanya kazi kambi ya Philipo, aliacha kula.

"Taa ya bweni la tatu bado inawaka jioni?" akauliza. "Basi likishaondoka na watu?"

Nassoro akasema huwaka mara moja moja. Watu wanapika.

"Watu gani? Si wameondoka?"

Mussa akamchukua nje, wakasimama kando ya gari, akamsimulia kwamba kabla ya Nassoro kiti kile kilikuwa chake yeye. Aliona taa ile ikiwaka bweni likiwa tupu, akamwambia Philipo, na Philipo akamshukuru sana na kumwongeza mshahara. Hapo ndipo alipoogopa. Akatafuta kazi ya udereva, ya jasho zaidi na malipo kidogo, akaondoka bila kugombana na mtu.

"Kaka, pale hulipwi kwa kukaa," Mussa akasema. "Unalipwa ili siku moto ukija, awepo mtu wa kutwikwa lawama, yule aliyebonyeza."

Njiani kurudi, Nassoro alijiambia kwamba huo ni wivu. Mtu akiacha neema akaona mwenzake kaiokota, ataisema vibaya. Lakini kesho yake basi la jioni lilipokwisha kutoka na watu wa zamu ya usiku, taa ya bweni la tatu iliwaka na kengele ikaanza. Akabonyeza. Kisha, kwa mara ya kwanza, akainuka kitini akaenda kuangalia.

Bweni lilikuwa tupu, majiko yote baridi. Mwisho wa ukumbi, magodoro mabovu yalikuwa yamerundikwa hadi juu, na nyuma yake nyaya za umeme za bweni zima zilipita ukutani kuelekea viyoyozi. Akapenyeza mkono kati ya magodoro akaugusa ukuta, akautoa upesi. Ulikuwa na moto wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Na kulikuwa na harufu, nyepesi, kama ya nywele zilizopitiwa na mshumaa. Mlango wa nyuma, ambao ungekuwa wa kukimbilia, ulifungwa mnyororo. Aliambiwa zamani kuwa ni kwa ajili ya wezi.

Philipo alimsikiliza mpaka mwisho. Akammiminia chai yeye mwenyewe. Akasema anajua, nyaya zile ni za zamani na watu wamekuwa wengi, fundi ataitwa. Ila kuzibadilisha ni kulifunga bweni, na bweni likifungwa wale watu watapelekwa mbali, na wengine mikataba yao iko ukingoni, watarudishwa makwao kabisa. Asiwe na haraka ya kuwaharibia watu maisha. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine, akamwambia kwamba kampuni imeridhika naye sana. Mshahara utapanda. Na Warda anaweza kuja kutembea Doha, viza na tiketi juu ya kampuni.

Nassoro alifikiri juu ya ule ukuta. Akafikiri pia juu ya Warda akitoka uwanja wa ndege na buibui jipya. Akasema ahsante.

Fundi hakuja. Kule Wete, Warda alishona nguo, akaaga mashoga. Nassoro aliendelea kubonyeza. Chakula kilianza kumshinda, na alipolala nyuma ya pazia alilala amegeukia sanduku. Dedan alipopita asubuhi, Nassoro alimwuliza kama husikia harufu kule ndani. Dedan akajibu kwamba chumba kina wanaume wanane na viatu vyao, kwa hiyo harufu ndiyo hewa yao. Wakacheka. Nassoro alitaka kusema zaidi, lakini angesema nini? Kwamba amejua tangu Idi? Akamwongezea chai.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, jua limekwisha kuwa kali, watu wa bweni la tatu wamelala. Hakuna aliyekuwa akipika. Taa ikawaka, kengele ikalia. Mkono wa Nassoro ulinyooka wenyewe kama ulivyozoea, ukafika kwenye kitufe, ukasimama hapo.

Simu ikaita. Ni Philipo.

"Nassoro, bonyeza."

"Watu wamo ndani, kaka Philipo."

"Najua wamo. Wamelala. Bonyeza."

Aliushusha mkono akauweka mapajani. Philipo akaita jina lake mara ya pili, kwa sauti ileile ya upole, halafu akakata. Kengele ikaendelea. Nassoro alitoka mbio mpaka bweni la tatu, akagonga milango, akavuta watu kwa mashuka yao, na mabweni mengine nayo yakaanza kumwaga watu, wengine wamefunga misuli, wengine taulo, wamefunika macho kwa mikono. Wakajaa uwanjani. Zege lilikuwa likiunguza nyayo, na wengi walikuwa wametoka pekupeku.

Philipo alifika, akaingia bweni la tatu peke yake. Alikaa huko kitambo. Alipotoka alitikisa kichwa taratibu ili wote wamwone. Hakuna moto. Hakuna moshi. Akaenda chumba cha lango akabonyeza mwenyewe, kengele ikakoma.

Watu walimgeukia Nassoro. Mmoja alimrushia kandambili. Akawaambia kuhusu ukuta, akawaomba waje waguse, na wachache wakamfuata. Wakasogeza magodoro, wakaweka viganja. Ukuta ulikuwa na joto, ndiyo, lakini katika mwezi wa saba kuna ukuta gani Doha usio na joto? Wakatazamana. Mmoja akasema anarudi kulala.

Dedan alibaki mlangoni, macho mekundu.

"Kitu moja tu, bro," akasema. "Ulikuwa umepewa kitu moja tu ya kufanya."

Philipo hakumfokea. Alimpa nafasi ya kukusanya nguo, akamwambia suala la Warda limesimama, na kwamba yeye alimchukua kama mdogo wake. Hotelini walimpokea tena, maana aliondoka vizuri, akarudishwa mlangoni kwa mshahara wa anayeanza. Kwa Warda alisema viza imechelewa. Miguu ikavimba upya, naye akaona afadhali miguu.

Hata hivyo hakupata usingizi aliotumaini. Baada ya majuma kadhaa alimpigia Dedan, akidhani hatapokea. Dedan alipokea, hasira zimeisha. Akamweleza kuna jamaa mpya pale langoni, mtu poa, hatoki hata kidogo. Na vile vidude vya darini sasa vimevalishwa glavu za plastiki, vyote, visinuse tena.

"Siku hizi tunalala, bro," akasema. "Kimya kabisa."

"Na harufu?"

"Harufu iko. Lakini tumezoea."

Nassoro akamwambia atapiga simu Zimamoto. Dedan akamsihi, kwanza kwa utani, kisha kwa uchungu. Bweni litafungwa, atarudishwa Nakuru na deni la wakala aliyemleta bado halijakwisha, na mtoto yuko shule. Akamwambia awaache tu, wao ndio wanaolala pale na wao ndio wamenyamaza. Nassoro akamwomba angalau ahamie chumba cha karibu na mlango wa mbele. Dedan akasema vyumba hupangwa na Philipo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuingia zamu, Nassoro alisimama nyuma ya hoteli, palipokuwa na mapipa ya nguo chafu, akapiga. Mtu aliyepokea alikuwa na adabu. Aliuliza kambi ipo wapi, bweni gani, dalili gani. Nassoro akaeleza kwa Kiingereza chake cha mlangoni, akachanganya na Kiarabu kidogo. Kisha yule mtu akauliza jina lake, na alijuaje haya.

Akasema alikuwa mtunzaji wa sanduku.

Alijua tangu lini?

Nassoro alitazama mapipa. Angeweza kukata simu. Alisema tangu Idi. Akasikia upande wa pili vidole vikiandika, vikiandika kwa muda mrefu kuliko urefu wa jibu lake. Akaambiwa watu watatumwa, na kwamba huenda akatafutwa, asibadilishe namba.

Alimwomba msimamizi wake ruhusa ya kubaki na simu mfukoni siku ile, akakubaliwa kwa shingo upande. Akasimama mahali pake. Magari yaliingia, mlango ulifunguka na kufungwa. Kutoka pale Industrial Area haionekani, hata hivyo alizidi kutupa macho upande ule juu ya barabara, ambako anga lilikuwa na ule ukungu wa vumbi ambao mtu hawezi kujua ni vumbi au ni nini. Adhuhuri ilipita. Alasiri ikaingia. Dedan hakuwa amejibu ujumbe, lakini Dedan mchana hulala.

Simu ikatetemeka pajani. Ilikuwa Warda, bila shaka kuuliza habari za viza. Nassoro aliitazama ikiita mpaka ikakoma, akairudisha mfukoni bila kumpigia, kwa kuwa hakutaka Zimamoto au Dedan akipiga akute laini ina mtu.