Kielelezo Kilichokataa Kunyamaza

Asubuhi hiyo daktari alikuwa akipita kitanda hadi kitanda katika wodi ya watoto, mikono inanuka spiriti, muuguzi mkuu akimfuata nyuma na trei. Kwenye kitanda cha dirishani alimkuta mtoto mchanga ambaye mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Alimbonyeza ukucha, akangoja wekundu urudi. Haukurudi. Akageukia mtungi wa oksijeni uliokuwa kando ya kitanda na kukuta mshale umelala kwenye sifuri.

"Lete mwingine," alisema.

"Hakuna mwingine, Daktari. Stoo wanasema yote imetoka jana."

"Imetoka kwenda wapi?"

Muuguzi mkuu alielekeza kidevu dirishani, ng'ambo ya barabara, ambako hoteli ya Waziri wa Afya ilikuwa ikipanda ghorofa juu ya ghorofa na cheche za moto zikimwagika kutoka kwenye ngazi zake za chuma.

Daktari akavuka barabara na koti lake jeupe. Mitungi ilikuwa imeegemezwa ukutani, kila mmoja umeandikwa kwa rangi wodi ulikotoka: Watoto, Wazazi, Upasuaji. Mafundi walikuwa wakiitumia kukatia vyuma. Walikuwa watu wema. Walizima moto wao, wakafungua mtungi mmoja na kumbebea hadi getini, na hapo mlinzi akasema kitu cha Mheshimiwa hakitoki bila Mheshimiwa mwenyewe kusema. Daktari akabishana naye mpaka koo likamkauka. Aliporudi wodini, kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Mganga mkuu wa hospitali alimsikiliza huku akikoroga chai.

"Dada yangu," alisema, "usituletee siasa kazini."

"Haya," daktari akasema. Alivua koti, akalikunja, akaliweka mezani kando ya kikombe, akatoka kwenda kutafuta mahali ambako siasa inaruhusiwa.

Chama kilizaliwa sebuleni kwa muuguzi mkuu, kati ya kochi na kabati la vyombo, na kikaitwa Chama cha Pumzi. Mume wa daktari, mwalimu wa hesabu asiyekubali jambo bila kulithibitisha, ndiye aliyeandika katiba. Wanachama wa kwanza walikuwa wazazi waliowahi kutoka hospitali hiyo mikono mitupu. Hao hawakuhitaji kuelezwa sera. Ndio waliompa daktari jina la Mama Mtungi, na jina likamganda.

Mkutano wa kwanza wa hadhara ulifanyika uwanja wa mpira. Polisi walikuwa wamewanyima kibali cha vipaza sauti, lakini Mama Mtungi alikuwa na sauti nene iliyozoea kushindana na wodi nzima ya watoto wanaolia, na watu wa nyuma kabisa walimsikia vizuri. Alieleza alichokiona, hakutia chumvi. Alipofika mahali pa kusema kwamba kila ngazi ya hoteli ile imekatwa kwa pumzi ya mtoto wa mtu, askari wakapanda jukwaani.

Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa mzee mnene, mwenye adabu zake. Alimpa kiti. Kisha akatoa chupa pana ya kioo, ya aina inayotumika maabara, akafungua kifuniko.

"Daktari, tafadhali fungua mdomo useme aaa."

Maisha yake yote daktari alikuwa akiwapa watoto amri hiyo hiyo, na alijua kukaza meno hakusaidii. Akasema aaa. Sauti ikatoka yote, ikaingia chupani, ikafanya ukungu kidogo kwenye kioo, na mkuu wa kituo akafunga. Askari mmoja akabandika karatasi: Kielelezo A, uchochezi.

"Wewe nenda nyumbani," alisema mkuu wa kituo. "Hatuna ugomvi na wewe. Tukimfunga daktari, wafadhili watapiga kelele. Kosa limetendwa na sauti, basi sauti ndiyo tunabaki nayo."

Mumewe alikuja kumchukua. Swali lake la kwanza lilikuwa kama wamempa risiti. Hawakumpa. Akagombana na askari wa zamu juu ya hilo kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu wa taratibu, kisha wakarudi kwao.

Nyumbani daktari aligundua kwamba hasira ikikosa mdomo hushuka mikononi. Alivunja vikombe akiviosha. Alipiga pasi shati la mumewe mpaka kola ikaungua. Mwalimu alilivaa hivyo hivyo kwenda kazini, na jioni mezani akamwambia, "Mke wangu, hata kule kunigombeza nimekukosa." Daktari akamtazama, midomo ikatikisika, akaishia kumsukumia bakuli la mchuzi.

Sauti nayo ilikuwa imewekwa stoo ya vielelezo, kati ya baiskeli za wizi na magunia ya bangi. Kulipokucha ilipitia wodi yote kwa kumbukumbu, kitanda kwa kitanda, ikaulizia homa ya huyu na choo cha yule. Ikamwambia askari wa zamu kwamba kikohozi chake si vumbi, aende akapime kifua. Baada ya hapo ikaendelea na hotuba kutoka pale pale ilipokatishwa. Watu wakaanza kukusanyika chini ya dirisha la kituo. Polisi waliwakamata waliokuwa mbele na kuwatia mahabusu, chumba kinachopakana na stoo, ambako walisikia vizuri zaidi. Wengine walipopata habari walikuja wenyewe kuomba wakamatwe.

Mchana mmoja daktari alikuwa akianika nguo, gari la polisi likasimama mlangoni. Mkuu wa kituo akashuka bila kofia.

"Mjukuu wangu," alisema. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Nilianza kwa kuiuliza ile sauti yako. Nilimweka mtoto karibu na chupa, ikamsikiliza, ikasema ni nimonia, tena kali, apewe oksijeni sasa hivi. Nimemkimbiza hospitali, hawana. Mama yangu, nisaidie."

Daktari alisimama na shati bichi mkononi. Alikuwa na mengi ya kumwambia mzee huyo, na yote yalikuwa stoo kwake. Akatupa shati kwenye kamba, akaingia garini, akaonyesha njia kwa kidole.

Mlinzi wa hoteli aliona magwanda, akaona bastola, akafungua geti kabla hajaombwa. Askari wawili waliubeba mtungi wa wodi ya watoto. Wodini daktari akaufunga mwenyewe kitandani, akamwekea mtoto mpira puani, akakaa ameushika mkono wake mdogo. Kufikia magharibi midomo ya mtoto ilikuwa imeacha kuwa ya bluu. Mkuu wa kituo alilia mbele ya wauguzi bila kujificha.

Mjukuu alipopata nafuu na kuruhusiwa, yule mzee alirudi na askari wake kuuchukua mtungi. Ulikuwa bado na gesi. Wodini walikuwa wamebaki watoto wawili wanaougawana. Daktari akaukumbatia kwa mikono yote.

"Niliuchukua kwa jina langu," mkuu wa kituo alimweleza, "na ni mali ya Mheshimiwa. Unanielewa lakini." Akambandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa pete. "Samahani sana, mama yangu."

Watoto wale wawili walizikwa wiki hiyo hiyo. Mafundi wa hoteli walimaliza ngazi.

Kesi iliposikilizwa, daktari alisimamishwa kizimbani, maana sheria haijui kuishtaki sauti isiyo na mwili, na mkuu wa kituo ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Alikula kiapo, akasema tangu azaliwe hajawahi kuona mtungi wa hospitali mahali popote isipokuwa hospitalini.

"Mjukuu wako hajambo?" ikauliza chupa kutoka mezani kwa karani.

"Hajambo, ahsante," mkuu wa kituo alisema, akaendelea na ushahidi.

Hakimu akamgeukia daktari aliyekuwa kizimbani. "Mshtakiwa, una la kujitetea?"

"Ninalo!" chupa ilisema. "Ninayo majina ya watoto, yao na ya mama zao, mmoja mmoja. Nipe nafasi niyataje."

Hakimu alikuwa amemuuliza mshtakiwa, si kielelezo, na sheria haikiruhusu kielelezo kujitetea. Alingoja kwa uvumilivu. Kizimbani daktari alifungua mdomo, akaugonga ubao kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka, na karani akaandika kwamba mshtakiwa amenyamaza. Sauti ilikuwa bado ikitaja majina wakati hukumu inasomwa. Ilihukumiwa kifungo cha miaka saba. Mwili ukaachiwa huru.

Msajili wa Vyama naye alikifuta Chama cha Pumzi, kwa sababu mwenyekiti wa chama sharti aape kwa sauti yake mwenyewe, na wa chama hiki hakuweza. Mwalimu wa hesabu alikwenda kukata rufaa. Akaambiwa hoja yake ni sahihi, ila dirisha limefungwa.

Siku hizi daktari hutoka asubuhi na kigoda chake na kukiweka nje ya ukuta wa gereza, mahali hoteli ile inapoonekana. Akina mama hupanga foleni. Yeye huwavua watoto nguo, huwagonga migongo, husikiliza vifua, na kutoka ndani sauti huwaambia mama zao mtoto anaumwa nini na apewe dawa gani. Askari jela wameihamishia chupa karibu na ukuta, kwa kuwa na wao wana watoto. Mkuu wa kituo akipita huteremsha kioo cha gari na kusalimia. Hoteli imefunguliwa, mitungi haijarudi wodini, madaktari wakubwa hufanyia semina zao humo, na hivi karibuni mganga mkuu alisoma humo mada juu ya afya ya mtoto.

Juzi mama mmoja kijana alifika na mwanawe akihema kwa shida. Daktari alimwekea sikio kifuani, na hapo hapo sauti ikapanda juu ya ukuta.

"Nimonia. Anataka oksijeni. Sasa hivi, si kesho!"

"Ahsante, Daktari," yule mama alisema kuuelekea ukuta. "Naipata wapi?"

Ndani kukawa kimya. Daktari aliinuka, akanyoosha mkono kuelekea hoteli. Yule mama akalitazama jengo, akawatazama walinzi waliosimama getini, akamfunika mtoto vizuri. Akashukuru tena, akaondoka, na aliyekuwa nyuma yake akasogea mbele.