Jiwe la Kuwekea Vyakula

Lettie alikaa kabatini miaka miwili, kati ya chupa za maharage ya kusindika na mtungi wa asali ya mtama, ndani ya kisanduku cha bati kisichozidi ukubwa wa mkate. Kila asubuhi Delphia Pruett alipofungua kabati kutafuta kahawa, alimwamkia mwanawe. Hakuona haya. Mtu akishakabidhiwa majivu ya mtoto wake juu ya kaunta, akatia saini na kuambiwa pole na msichana anayetafuna ubani, haya inabaki ya nini tena?

Makaburi ya ukoo yalikuwa kilimani, nyuma ya nyumba ya baba yake, yamezungushiwa uzio wa chuma. Akina Pruett zaidi ya sabini walilala mle, wacha Mungu na walevi, hata yule mjomba aliyeiba farasi wa mchungaji. Lettie peke yake ndiye aliyekosa nafasi. "Aliyejidunga sindano za dawa za kulevya mpaka akafa hatalala na mama yangu," baba yake, Mzee Burl, alisema siku ya msiba, na tangu siku hiyo jina la mjukuu wake halikutajwa tena nyumbani kwake.

Mzee mwenyewe alikuwa anaondoka kidogo kidogo. Miaka arubaini mgodini chini ya ardhi ilikuwa imemjaza vumbi la makaa kifuani, na sasa alitembea akiburuta mtungi wa hewa wenye magurudumu, mpira umemwingia puani. Majani yalipoanza kuanguka alimwita Delphia.

"Ile Jumuiya ya Wazao wa Walowezi wa Kwanza imenikatalia uanachama," alisema. "Wanataka karatasi. Mimi, mzao wa Abner Pruett! Bonde zima linajua!"

"Kujua si karatasi, baba."

"Basi ilete. Umezeekea kwenye vumbi la masijala ya ardhi miaka thelathini na moja, utashindwaje?" Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akafuta mdomo kwa kitambaa. "Nionyeshe kwamba babu yetu Enoch ni damu ya Abner kabla sijafa. Ukinionyesha, yule... yule wako, mlete. Pana nafasi karibu na bibi yako."

Hata alipokuwa akimpa kaburi, jina lilimshinda kutamka. Delphia alilimeza hilo. Alikuwa amemeza mengi kwa ajili ya kisanduku kile.

Habari za Abner kila Pruett alinyonya pamoja na maziwa. Abner alivuka mlima na shoka moja na mke mmoja. Mwaka wa 1755, karne mbili na zaidi zilizopita, Washawnee, kabila la Wahindi Wekundu, waliwavamia alfajiri, wakamuua mke kisimani, wakamchukua binti yao Keturah wa miaka minane, naye wakamuua njiani. Abner hakukimbia. Alijenga ngome ya magogo, akapigana, akabaki. Hakuna aliyesimulia Washawnee walikuwa wakiishi wapi kabla ya shoka la Abner, na ukiuliza uliambiwa ule chakula chako. Kisha, kwenye Biblia ya ukoo, anatokea Enoch, amezaliwa mwaka wa sitini na tano. Mke amekufa miaka kumi, mtoto katoka wapi? "Alioa tena," wazee walijibu. Huyo mke wa pili hakuwa na jina wala kaburi.

Majira yote ya baridi Delphia aliendesha gari saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwenye mahakama ya wilaya ya kale ng'ambo ya mlima. Alifungua majalada yaliyonuka panya. Mdogo wake, Dorsey, alimtania kwa simu: "Dada, ukikuta Abner ni mwizi wa kuku, usirudi nyumbani!" Dorsey alikuwa ameshaagiza bamba la marumaru lenye jina la Abner, la kuzinduliwa Jumapili ya Maua, siku ambayo ukoo mzima hupanda kilimani kusafisha makaburi na kula pamoja.

Wosia wa Abner aliukuta mwezi wa Machi. Ulikuwa mfupi.

"Kijana Enoch, aliyezaliwa chini ya paa langu, naye ni damu yangu, achukue jina langu na ardhi yangu yote. Mama yake ni binti yangu Keturah, aliyerudishwa kwangu na askari kutoka kwa Wahindi Wekundu, akiwa amefungwa kamba ili asiwatoroke; naye azuiliwe ndani ya nyumba maisha yake yote, asivuke mto kuwarudia, na kijana asimwite mama, ama sivyo ardhi impotee."

Delphia aliusoma mara tatu. Keturah hakuuawa. Kwa hesabu ya miaka, alirudi msichana wa miaka kumi na saba, tumboni ana mtoto wa Mshawnee, ng'ambo ya mto pengine ana mume anayemlilia, na baba yake mzazi akamfungia mlango. Wao wote, akina Pruett wa bonde zima na majigambo yao, walitoka tumboni mwake.

Ndipo Novemba ile ikamrudia, ile aliyokuwa akiikimbia. Lettie alikuja mchana, kakonda, koti si lake. Mzee Burl alikuwa ameonya kwa simu: usimfungulie, atakuibia, acha ajifunze. Delphia alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. "Mama, ni mimi," Lettie alisema. Akasema tena. Delphia hakujibu. Alihesabu nyayo zikishuka ngazi, na baada ya siku nne akapigiwa simu na polisi. Pale kwenye meza ya mahakama alilia kwa sauti, karani akamletea maji, akidhani amefurahi kumpata babu yake.

Angeweza kuishia hapo. Lakini mtu wa ardhi huwa haishii kwenye wosia, hutafuta mipaka. Akaomba majalada ya upimaji, akakuta Enoch, mtu mzima wa miaka arubaini na sita, Abner ameshaoza, akigawa shamba kwa wanawe. Wapimaji wa zamani walianzia kwenye kitu kisichohama, mti au jiwe. Hati ya Enoch ilisema: "Kuanzia jiwe bapa alipolazwa mama yangu, fito tatu kusini mwa kona ya makaburi."

Mama yangu. Sharti la Abner lilimkataza kumwita hivyo. Halikumkataza kupima ardhi.

Fito tatu ni hatua kama ishirini. Delphia hakuhitaji kamba kulijua lile jiwe. Kila Jumapili ya Maua, tangu hajaota meno, wanawake walilitandikia kitambaa wakapanga juu yake kuku wa kukaanga, mayai na keki. Lilikuwa bapa, la kimo kizuri, nje ya uzio, kama limetengenezwa kwa kazi hiyo. Yeye mwenyewe alimkalisha Lettie juu yake akamlisha kwa kijiko.

Dorsey aliusoma wosia pamoja na hati ya Enoch jikoni kwa dada yake, akakuna kichwa.

"Wosia una sentensi mbili," alisema. "Ya kwanza ndiyo tunayoitaka. Jina, ardhi, damu. Jumuiya hawahitaji zaidi."

"Na ya pili?"

"Unapopiga fotokopi, unafunika kwa karatasi nyeupe. Basi."

"Dorsey!"

"Nini Dorsey? Mzee anakufa akicheka, Lettie analala kando ya bibi. Si ndicho unachokililia miaka miwili? Nani ataumia?"

"Keturah."

"Keturah amekufa zamani za kale, dada!"

"Na sisi tunamwekea masufuria kifuani."

Dorsey aliweka wosia mezani. Alitazama kabati, akaondoa macho. Alimpenda mpwa wake, kwa namna yake. "Mficha uchi hazai, najua," alisema taratibu. "Lakini wewe uzazi wako uko ndani ya bati. Mzike mtoto, Delphia. Tafadhali."

Delphia akapiga fotokopi mbili, moja nzima na moja iliyofunikwa. Akazitia kwenye bahasha mbili. Mpaka Jumapili yenyewe hakujua atatoa ipi, na asidanganyike mtu kwamba ukweli ulimvuta zaidi. Kaburi ndilo lililomvuta.

Siku hiyo palikuwa na mawingu mazito, nyasi zimelowa. Mzee Burl alipandishwa kilimani kwa gari la Dorsey, akakalishwa ndani ya uzio mbele ya bamba lililofunikwa shuka. Watu arubaini walikuwa wakichomeka maua ya karatasi na kutaniana. Kando ya kaburi la bibi, Dorsey alikuwa amechimba shimo dogo, kingo zimenyooka, udongo umewekwa vizuri upande mmoja. Delphia alilitazama. Alikumbatia kisanduku.

Nje ya uzio Oleta, mke wa Dorsey, alikung'uta kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya jiwe. "Haya, leteni vyakula, nzi hawangoji sala!"

"Umeleta?" Mzee Burl aliuliza.

Dorsey alikuwa akimtazama dada yake, anaomba kwa macho. Delphia alitia mkono mkobani, akapapasa bahasha. Ile ya juu, yenye nakala iliyofunikwa, ilikuwa nyembamba, imekunjwa mara moja. Ilikuwa kaburi la Lettie, tayari, hatua nne kutoka aliposimama. Akaiacha. Akavuta ya chini.

"Macho yako mabovu, baba. Nitakusomea."

Alisoma wosia mpaka mwisho. Alipofika kwenye "asimwite mama" alirudia maneno hayo. Kisha akasoma hati ya Enoch, na kwa mkono akaonyesha jiwe, Oleta akiwa amesimama hapo na sahani ya kuku. Ulisikika mtungi wa hewa tu, ukivuta na kuachia.

"Dada, umetumaliza," Dorsey alinong'ona.

Mzee Burl alilitazama lile jiwe, midomo inacheza. "Bibi yangu Arminta hakula pale," alisema hatimaye. "Kila mwaka alisimama getini, sahani mkononi. Tulimcheka, tukimwita malkia. Nilimuuliza siku moja. Akasema, 'Mimi sili juu ya watu.' Nikadhani anatania." Akameza mate. Kisha akaukaza uso, akarudi kuwa Burl. "Shimo limeshachimbwa. Ahadi ni ahadi. Mlete wako."

"Ana jina, baba."

"Mlete, nimesema."

"Mtaje jina nimlete."

Mzee aliangalia nyasi. Jina halikutoka.

Delphia aliokota sepeto ya Dorsey, akatoka getini. Kwenye jiwe aliondoa sahani ya mayai, akaiweka chini, akaondoa keki, akaondoa kuku. Oleta alisita, kisha akainama kumsaidia bila neno, akakunja kitambaa. Jiwe lilikuwa na madoa ya mafuta ya miaka mingi. Delphia alilifuta kwa kiganja, hayakutoka, akapiga magoti ubavuni mwake na kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu, wenye mizizi, tofauti na ule wa ndani. Alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, kisha akashusha kisanduku.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Ingia, mlango uko wazi."

Nyuma yake magurudumu ya mtungi wa hewa yalikwaruza changarawe, polepole, yakisimama na kuanza tena. Yakapita getini. Yakasimama karibu kabisa, na juu ya kichwa chake alisikia mzee akihema, akikusanya pumzi kama mtu anayetaka kusema neno. Delphia hakugeuka. Alishika udongo mkononi, akangoja.