Ubongo Ulionyamazishwa kwa Baridi

Ili mshipa mkuu wa Bwana Manuchehr ushonwe, ilibidi damu yake isimame kabisa. Ubongo usiopata damu hufa upesi, isipokuwa umepoozwa kwanza. Kazi yangu pale hospitalini Tabriz ni kukodolea macho mistari ya umeme wa ubongo, si nyuso za watu, na wasionijua husema nina kiburi. Tulipompooza, mistari ilizidi kuzembea, ikawa inashtuka na kutulia, mwishowe ikalala bapa. Hapo nikamwambia mpasuaji, "Simamisha."

Mshipa ukashonwa, damu ikarudi, tukaanza kumpasha joto taratibu. Mwenzangu akanishikia zamu, nami nikatoka kumwona mkewe, Talaat, aliyekuwa akingoja na dada yake Ozra.

"Ubongo umenyamaza kabisa!" nilisema kwa furaha, mpumbavu mimi.

Ozra alipiga yowe, akajitanda shuka lake jeusi, akatimua mbio kwenda nyumbani. Talaat alinishika mkono.

"Daktari, mwanangu, niambie polepole."

"Tumemlaza kwa baridi, mama. Sasa tunampasha. Ubongo ukiwa mzima, utaamka wenyewe."

"Na usipokuwa mzima?"

Nikarudi ndani.

Mistari ilikuwa bado bapa, na joto linapanda. Niliogopa. Kisha ukaja mshtuko mmoja mdogo, kimya kirefu, halafu mwingine, na mwingine, hadi mistari yote ikawa inakwenda. Nilitamani kucheza ngoma palepale. Ila mistari haisemi kama mtu atamjua mkewe.

Kesho yake Manuchehr alitolewa mpira wa kupumulia kooni. Alilala tu, macho kayafumba, Talaat akimwita bila kuitikiwa. Ndipo Ozra akaingia na sinia la halua ya zafarani na maji ya waridi, ile tunayowapikia wafu wetu, na kila anayeionja huwaombea. Alikuwa ameshaisonga kabla habari njema haijamfikia, na chakula hakitupwi. Alikuja kuwagawia wauguzi.

Pua ya Manuchehr ikacheza.

"Nani kafa?" akauliza, sauti inakwaruza.

Ozra akaficha sinia mgongoni. Talaat alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Wewe hapo, baba watoto! Shemeji yako hana subira."

Manuchehr akafumbua macho, akamtazama mkewe, kisha Ozra.

"Basi nionjesheni kidogo," alisema, "nami nimwombee marehemu."