Ploti Tuliyoiita Njaa

Niseme ukweli tangu mwanzo: nilipoiona ile ploti imekuwa ya kijani, nilitaka kumpiga mtu. Nani, sikujali. Nilikuwa nimetoka kumuuguza mama mkwe hospitali siku kumi, miguu imevimba, mgongo umekufa ganzi kwa kulala kwenye benchi, na nikateremka pale getini kwenye lori la maziwa nikiwa na begi langu kwapani. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka kutoka msituni, kama kawaida yake ya mchana. Na ndani ya ukungu ule Njaa ilikuwa imesimama inang'aa, majani mapana, kijani cha kujidai kabisa.

Shamba letu ni la majaribio, mali ya chuo kikuu, na liko juu mlimani ambako mahindi huchukua miezi minane kukomaa kwa sababu ya baridi. Lina ploti ishirini na nne, kila moja mita kumi kwa kumi. Hii inapewa samadi, ile mbolea ya dukani, nyingine vyote viwili. Moja haipewi kitu. Inapandwa mbegu ileile, inapaliliwa siku ileile, lakini kwa miaka ishirini na tatu haijaonja hata kiganja cha mbolea. Hiyo ndiyo tuliyoibatiza Njaa. Mahindi yake ni mafupi, ya manjano, yamekondeana, kiasi kwamba hata kima wakishuka kuiba huipita na kwenda kwa majirani zake walionona. Wageni huicheka. Lakini bila Njaa zile nyingine zote ni mahindi tu, maana utajuaje mbolea imeongeza nini kama hujui udongo wenyewe, ukiachwa peke yake, unatoa nini? Katika miaka hiyo, kumi na tisa nimeitunza mimi. Navijua vimaua vyake vya buluu visivyoota penginepo shambani, na nyuki wa msituni wanaovifuata jua likitoka.

Niliweka begi chini, nikapiga magoti. Kando ya kila shina kulikuwa na kishimo kilichofukiwa vizuri, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mzizi, kisha kikakandamizwa kwa kisigino cha kushoto. Kazi safi. Mimi ndiye niliyeifundisha kazi hiyo, na mtu mmoja tu shambani anakandamiza kwa kisigino cha kushoto. Nikainuka kumtafuta.

Nilimkuta stoo anafunga mifuko. Ni mdogo wangu, kitindamimba wetu, na shamba zima linamwita Kitinda. Mama alituacha yeye akiwa na miaka mitatu, kwa hiyo kamasi zake nilizifuta mimi, herufi nilimfundisha mimi, na kazi hii nilimtafutia mimi.

"Nani kakuambia?"

"Dada, shikamoo kwanza."

"Shikamoo yako weka mfukoni. Nani kakuambia uweke urea kwenye Njaa?"

"Mkuu. Wiki iliyopita alisema niweke kilo mbili, ni amri mpya, kwa ajili ya wageni wa kesho." Akainamisha kichwa. "Na mimi, dada, nisikufiche, niliona sawa tu. Yale mahindi yanatia huruma. Kila wiki napalilia kitu kinachokufa njaa, halafu stoo imejaa mifuko mpaka darini. Hata ungekuwa wewe."

"Ningekuwa mimi? Mimi nimekuwa mimi kwa miaka kumi na tisa, na sijaigusa!"

Nilimsema mpaka sauti ikakauka. Kilichozidi kunichoma ni kwamba nilimwelewa. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yetu, akilala na maji ya moto tumboni, ungetarajia afanye nini akiona mmea umekonda na mbolea iko mkononi?

Mkuu wa shamba tunamwita Pasi, kwa sababu hata kwenye tope la msimu wa mvua suruali yake haipotezi mkunjo. Alinipokea kwa upole, akanivutia kiti.

"Mama, ungepumzika kwanza, umetoka safari."

"Nani alikupa ruhusa ya kuiharibu Njaa?"

"Iko barabarani, mama. Mgeni rasmi akishuka kwenye gari, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mahindi yenye utapiamlo. Ni aibu ya chuo. Ni msimu mmoja tu. Kitabuni acha ile safu ya mbolea wazi kama kila mwaka, maisha yaendelee."

"Na nikiandika?"

"Andika. Mimi sikuzuii." Akatabasamu. "Lakini kitabu kina safu ya jina la aliyefanya kazi, si ndiyo? Mimi jembe sijashika."

Kitabu chetu cha shamba ndivyo kilivyo. Kila kinachofanyika kwenye ploti kinaandikwa kwa kalamu, bila kufuta: tarehe, kazi, kiasi, jina la mfanyaji. Safu ya aliyeagiza haimo. Waliotunga fomu hawakufikiria kwamba mtu mwenye akili timamu angeagiza upuuzi wa namna hii. Nikiandika, Kitinda anamwaga unga, na ana mke na watoto wawili wa kulisha. Nisipoandika, miaka ishirini na tatu inaoza kimyakimya, maana tarakimu moja ya uongo ikishaingia, nani ataziamini nyingine? Mbolea yenyewe ingeisha nguvu baada ya msimu mmoja au miwili, na kosa lililoandikwa linaweza kuhesabiwa. Lililofichwa haliwezi.

Jioni ile nilikifunga kitabu bila kuandika neno. Nilimchagua ndugu yangu, na sikulala kwa kujichukia.

Asubuhi wageni wakaja na magari manne. Tulipangwa mstari tukiwa na ovaroli mpya, Kitinda mwishoni, jembe begani. Mgeni rasmi, mtu wa wizarani, alishuka akasimama palepale Pasi alipotaka asimame. Akakisoma kibao: BILA MBOLEA, MWAKA WA 23. Akayatazama mahindi. Akarudi kwenye kibao.

"Kumbe!" akasema. "Miaka ishirini na tatu bila mbolea, na bado yako hivi?"

"Udongo wa huku umebarikiwa, mheshimiwa," Pasi akajibu. Hana mshipa wa aibu yule.

"Basi wakulima wa bonde lote lile wanahangaika bure na mbolea!" Akamgeukia katibu wake. "Andika hiyo. Mpango wa ruzuku tuutazame upya."

Katibu akaandika. Niliiona kalamu inatembea. Nikawaona watu wa bondeni, maelfu, wanapanda mahindi bila mbolea kwenye udongo uliochoka kwa sababu ya mkunjo wa suruali ya mtu mmoja. Sikuomba ruhusa.

"Mheshimiwa, si kweli," nikasema. "Hii ploti imewekwa urea wiki iliyopita. Bila urea inatoa kilo tisa. Tisa tu."

Pasi akacheka kicheko kikavu. "Mama huyu ametoka kuuguza, amechoka."

Nikakitoa kitabu cha shamba kwapani, nikakifungua juu ya boneti ya gari, mbele yao wote. Nikaandika tarehe, urea, kilo mbili. Nilipofika kwenye jina, nikainua macho. Kitinda alikuwa ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakuniomba kitu. Nikaliandika jina lake. Kisha nikapiga mstari mpya pembeni kwa ukingo wa kijiti, juu yake nikaandika *Aliyeagiza*, na chini yake nikaweka cheo cha Pasi.

"Haya ni mambo yenu ya ndani," mgeni rasmi akasema, akakohoa. Lakini katibu aliipiga mstari wa kuifuta ile sentensi aliyoiandika. Hiyo nayo niliiona.

Kamati ya chuo ilikuja baada ya wiki mbili, watu watatu. Walikunywa chai, wakakifunua kitabu, wakakisifu. Safu yangu ya kuchora, wakasema, haimo kwenye fomu rasmi, hivyo haiwezi kuwa ushahidi. Jina la mfanyaji limo. Kitinda akafukuzwa kwa kuhujumu utafiti. Mimi nikapewa barua ya pongezi kwa uadilifu. Barua zote mbili zilisainiwa na Pasi, siku moja, kwa kalamu moja.

Mdogo wangu hakunisemesha msimu wote uliobaki. Mkewe alinirudishia masufuria yangu bila kuingia ndani. Mimi nikaendelea kuitunza Njaa, nikawafukuza kima ambao kwa mara ya kwanza waliona inafaa kuibwa, maana hata mavuno ya makosa lazima yapimwe kamili.

Siku ya kupima, akatokea mlangoni mwa stoo. Alikuwa amekonda. Hakunisalimia.

"Kilo ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Kutoka tisa?"

"Kutoka tisa."

Alilitazama gunia kama mtu anayetazama jasho lake mwenyewe. "Na jina langu bado liko kitabuni?"

"Liko. Halifutwi lile."

"Sawa," akasema. "Angalau mwaka huu mahindi yale yalikula."

Akaondoka akipita katikati ya ploti. Nilibaki nimeshika mzani, nina hasira na Pasi, na kamati, na fomu yao, na mimi mwenyewe. Yeye tu ndiye sikuwa na hasira naye tena, na ndiye pekee niliyeweza kumwadhibu.