Mkwaruzo wa Wimbo wa Saba

Mimi ni fundi seremala, na kwa tabia yangu ukiniambia ubao huu una futi sita, nitaupima mwenyewe kabla sijakushukuru. Wimbo wa saba ndio kitu pekee ambacho sikukipima. Nilikabidhiwa nikaupokea ulivyo, kwa sababu aliyenikabidhi ni mjomba wangu, na mjomba wangu huwezi kumpima.

Kikundi chake hakiigizi michezo ya kawaida. Yeye huchukua albamu nzima ya roki, ile inayosimulia kisa kimoja kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, akaiweka jukwaani pamoja na waimbaji, moshi na taa. Sharti lake ni moja tu: albamu haikatwi. Hakuna kusimama, hakuna kurudia, hakuna kuomba radhi. Tunapumzika mara moja katikati, dakika tano, kwa sababu hapo ndipo zamani alipokuwa akigeuza santuri na kwenda kuchemsha chai.

Msimu huu tulikuwa na kisa cha mfalme aliyeificha mvua chini ya ardhi na binti anayekwenda kumdai. Mfalme ni mjomba, nani mwingine. Binti ni mdogo wangu. Katika wimbo wa saba mfalme anatokea ardhini, kwa hiyo mimi nilikata sakafu ya jukwaa shimo la futi nne kwa nne, nikaliwekea mfuniko unaoteleza kwenye reli, na chini yake nikatengeneza lifti ya mbao ya kumpandisha mheshimiwa na taji lake. Kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye saruji ni futi kumi. Hizo nilizipima mwenyewe.

Kazi yangu ni kukaa huko chini, nisikokuona kitu, na kuhesabu. Dramu zikipasuka, naanza moja. Gitaa linaongoza wenzake hadi nane, kisha linakatika ghafla. Tisa hadi kumi na mbili, mdogo wangu anakimbia gizani kutoka nyuma ya jukwaa kuja mbele, peku, ndani ya moshi, akipita juu kabisa ya mfuniko. Kumi na sita navuta kamba, shimo linafunguka, mfalme anapanda. Tulikuwa tumeshafanya hivyo mara thelathini na nane. Mkono wangu uliijua ile kumi na sita kama unavyojua njia ya kwenda mdomoni.

Lakini niliogopa kila mara, na nilikuwa na sababu. Mwaka jana, katika albamu nyingine iliyokuwa na shimo kama hili, nilivuta mapema kwa hesabu moja. Mwimbaji wetu tuliyemwita Mrefu aliingia shimoni akavunjika nyonga. Watu walinifariji kwamba ajali haina kinga. Mrefu mwenyewe hakunilaumu. Siku hizi anakata tiketi mlangoni, fimbo yake imeegemea ukuta, na kila nikipita ananiuliza nimeamkaje kwa sauti ya upole kabisa. Ningependa anitukane walau mara moja.

Mdogo wangu alipochukua nafasi ya Mrefu, mama alikuja karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akanitazama nikipiga randa mpaka nikaacha. Akasema, "Mtoto huyu simkabidhi mjomba wako. Nakukabidhi wewe." Mdogo wangu yeye alicheka aliposikia. Hajui kuogopa, na mimi ndiye niliyebeba fungu lake.

Jumapili hiyo onyesho lilikuwa saa tisa alasiri. Mpiga dramu wetu alikuwa ameshikwa na homa tangu Ijumaa, na asubuhi ile mjomba akaleta mgeni, kijana mchangamfu mwenye vijiti mfukoni kama kalamu. Walipitia nyimbo nne, kisha mgeni akasema albamu hii aliijua tangu tumboni mwa mama yake. Mjomba akafurahi, akatangaza kwamba inatosha, watu wakale. Mimi niliuliza kama hatuwezi kupitia ule wa saba. Mjomba akaniambia fundi ashughulike na misumari.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Wakati wa mapumziko yule mgeni akaja kukaa kwenye ngazi inayoshuka kwangu, akinywa maji na kupiga vijiti kwenye goti, huku akiimba gitaa kwa mdomo. Niliutambua wimbo wa saba nikaanza kuhesabu bila kukusudia. Nane ikafika. Gitaa halikukatika. Tisa, kumi, kumi na moja, gitaa la mdomoni linaendelea kupanda mahali ambapo sijawahi kulisikia likipanda. Lilikatika kwenye kumi na sita.

Nikamuuliza kama hapo katikati ameongeza vitu vyake. Akashangaa, akasema hajaongeza kitu, wimbo ndivyo ulivyo. Kengele ikalia, akaruka ngazi mbilimbili, akaenda zake.

Nilibaki nimeshika kamba. Kisha nikakumbuka sebule ya mjomba tulipokuwa watoto, mimi na mdogo wangu, tukicheza mbele ya gramafoni. Ile ilikuwa santuri ya babu, na kwenye wimbo wa saba ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ilikuwa ikifika pale inaruka, tak, na sisi tunaruka nayo, tukianguka kwenye zulia kwa vicheko. Mjomba aliwafundisha wanamuziki wake kwa santuri hiyohiyo. Ule mkato wa ghafla wa gitaa, ambao mwandishi mmoja wa gazeti aliusifu kuwa ni kipaji, ulikuwa mkwaruzo. Hesabu nane nzima zilikuwa zimeliwa na sindano, na kikundi kizima hakikujua.

Mgeni hakuwa na mkwaruzo. Kwake gitaa lingekwenda hadi kumi na sita, na wapigaji wengine wakimfuata, mdogo wangu angekimbia kuanzia kumi na saba. Mimi kwenye kumi na sita nakuwa nimefungua shimo.

Wimbo wa sita ulikuwa umeshaanza juu yangu, na una dakika nne. Chini kule tuna taa moja nyekundu ya kuashiria, lakini inatoka kwa mtu wa taa kuja kwangu. Kutoka kwangu kwenda kwake hakuna kitu. Nikapanda ngazi mbio hadi pembeni mwa jukwaa. Mgeni alikuwa upande wa pili, juu ya kichanja chake nyuma ya vyombo. Mdogo wangu alikuwa katikati, taa zote zimemwangukia, anaimba macho juu. Nikawasha tochi na kuzima, nikapunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Mwenye taa usoni haoni pembeni. Niliyajua hayo, niliendelea kupunga.

Nilitaka kuingia jukwaani. Nasema ukweli, mguu mmoja ulishatangulia. Ndipo, kupitia tundu la ngazi, nikamwona mjomba kule chini, na taji lake, anaingia kwenye lifti kujiandaa. Kamba ya mfuniko iko umbali wa mkono mmoja kutoka pale anaposimama. Asiponikuta, atahesabu mwenyewe na kuvuta mwenyewe. Nikarudi chini nusura nianguke.

Nikamweleza kwa haraka: mkwaruzo, mgeni, nane zilizoliwa. Alinisikiliza huku akinyoosha joho. Kisha akasema, "Santuri ya babu yako haina kasoro. Huyo mgeni mmoja atawafuata wale wapigaji watatu. Wewe hesabu."

Nikamwambia basi leo nisifungue mpaka nihakikishe. Akasema mfalme lazima atoke, watu wamelipa kumwona mfalme. Sikio la kufa halisikii dawa. Mbaya zaidi, sikuwa na hakika kwamba amekosea. Pengine mgeni angewafuata watatu. Pengine watatu wangemfuata mgeni. Pengine wangegawanyika, na mdogo wangu angekimbia kwenye hesabu ambayo hakuna anayeijua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi sikuweza kujua kama huu ni unyasi au nyoka.

Nikaamua kwamba sitavuta mpaka nisikie miguu yake ikipita. Lakini niliutazama mkono wangu wa kulia, umeikamata kamba, na nikaogopa kitu kipya. Sikuuamini. Mara thelathini na nane ulikuwa umevuta bila kuniuliza. Wimbo wa sita ulikuwa unafikia mwisho. Nikachukua kabari ya mbao ngumu kwenye mfuko wa aproni, nikapanda kwenye ukingo wa lifti, nikaipigilia kwenye reli mbele ya mfuniko kwa nyundo, mapigo matatu, kila moja nikilifuatisha na pigo la dramu ili juu wasisikie. Mjomba akaniuliza kwa mnong'ono nafanya nini. Nikarudisha nyundo mfukoni. Kumnyamazia mjomba ni utovu wa adabu, najua.

Giza likaingia. Dramu zikapasuka.

Moja. Mbili. Gitaa likaanza. Saba. Nane. Gitaa likakatika kama lilivyofundishwa, lakini dramu zikaendelea kana kwamba halikukatika. Besi ikafuata gitaa, ikanyamaza, ikajirudi ikafuata dramu. Gitaa likaingia tena likitafutatafuta njia. Tisa, kumi. Nilitega sikio kwa miguu. Kumi na moja. Hakuna kitu, au kulikuwa na kitu na vishindo vya dramu vimekimeza. Mtu anayekimbia peku hasikiki kwa urahisi. Kumi na tatu. Kumi na nne. Mjomba alikuwa ananong'ona hesabu hizo pamoja nami, taji likitikisika. Nilijiambia usivute, usivute, usivute.

Kumi na sita. "Fungua," mjomba akasema, na mkono wangu ukavuta.

Ukavuta kwa nguvu zote, kama kila siku. Mfuniko ukateleza upana wa vidole viwili, ukagonga kabari, ukasimama. Vumbi likanimwagikia machoni. Kupitia ule upenyo, kwenye mwanga hafifu wa moshi, nikaona kisigino cha mdogo wangu. Hakuwa anakimbia. Alikuwa amesimama juu ya mfuniko, uzito wake wote juu ya mbao nilizokuwa nazivuta.

Mjomba alikiona pia. Mkono wake ulikuwa umeshainuka kunisaidia kuvuta, ukabaki hewani. Nikapanda tena kwenye ukingo wa lifti, nikausukuma mfuniko ukarudi mahali pake, nikauegemezea kichwa changu, na sikuhesabu tena.

Juu kule kukawa kimya kwa muda mrefu kuliko unaoruhusiwa na albamu yoyote. Kisha mjomba, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema, akafungua kinywa na kuimba sehemu ya mfalme palepale alipokuwa, futi kadhaa chini ya sakafu. Sauti ilitoka ikiwa nzito, ikiwa na woga halisi ndani yake. Mdogo wangu akamjibu kutoka juu. Wakaimba wimbo mzima namna hiyo, yeye amesimama, mjomba amezikwa, nami katikati yao nimeushikilia mfuniko kwa mikono miwili ingawa kabari ilishatosha. Ulipokwisha watu walisimama kupiga makofi. Sakafu ilitikisika.

Onyesho lilipomalizika na taa za ukumbi zikawashwa, mjomba alitangulia kupanda jukwaani akiwa amechangamka kuliko nilivyotarajia. Alisema mfalme asiyeonekana anatisha zaidi, watu wamelia, na tangu sasa tutafanya hivyohivyo: binti atasimama juu ya mfuniko gizani, mfalme ataimba chini. Kuhusu mkwaruzo hakusema neno, na macho yangu aliyakwepa.

Mdogo wangu akanikumbatia, vazi lake lote limelowa jasho. Akaniambia kwamba gitaa lilipochanganyikiwa alipotea, hakujua kama ni wakati wa kukimbia au umepita, na gizani mahali pekee alipopajua kwa nyayo ni ule ukingo wa chuma wa mfuniko. Basi akaenda akasimama juu yake.

"Hukuogopa?" nikamuuliza.

"Niogope nini? Nilijua upo chini. Nilijua huwezi kunifungulia." Akamgeukia mjomba akamwambia yeye yuko tayari, hata Jumapili ijayo, hata kila siku.

Mjomba akakohoa. Akamwambia mdogo wangu, bila kuniangalia mimi, kwamba kweli dada yake ana mkono thabiti, hakuigusa kamba kabisa.

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na nilitamani sana kuupita. Mlangoni mwa ukumbi Mrefu alikuwa anawaaga watu wa mwisho, ameegemea fimbo yake. Nikashuka, nikaichomoa kabari kwa nyuma ya nyundo, nikarudi nayo. Ilikuwa na kovu pale mfuniko ulipoigonga, mbao imebonyea kina cha kucha. Nikaiweka kwenye kiganja cha mdogo wangu.

"Nilivuta," nikamwambia. "Ulikuwa umesimama juu, na mimi nilivuta. Kilichokushika ni hiki."

Alicheka kidogo, akingoja na mimi nicheke. Akapitisha kidole kwenye lile kovu. Akamtazama mjomba, na mjomba akavua taji akaanza kulikung'uta vumbi lisilokuwepo. Nilimwona mdogo wangu akihesabu mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti, mpaka akafika kumi na sita.

Viatu vyake vilikuwa upande wa pili wa jukwaa. Kutoka tulipokuwa, njia fupi inapita juu ya mfuniko, na msimu mzima alikuwa akiipita njia hiyo bila kuangalia chini. Akaanza kwenda, akafika kwenye ule ukingo wa chuma, akasimama. Kisha akazunguka, taratibu, akishika ukuta kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameikumbatia kabari kifuani.